Kisanduku cha Dédé Hakilii

Ukileta radio kwenye meza yangu hapa soko la Kashikishi, Zambia, kitu cha kwanza ninakunyang'anya betri. Siulizi ni za lini, siulizi umezinunua wapi. Ninazitoa, ninaziweka pembeni, ninaunganisha radio yako na umeme wangu wa sola, volti tisa safi zisizoyumba, ndipo ninaanza kazi. Fundi anayepima radio kwa betri za mteja anapima uongo. Nimewaambia hivyo wanawake wanaouza samaki wadogo wa chisense, nimewaambia wenye maboti, nimemwambia hata pasta wetu. Aliponijibu kwamba betri zake ni mpya, nilimwambia, Pasta, wewe kaa na Biblia, mimi uniachie radio. Basi sheria hiyo hiyo ninayojisifu nayo ndiyo iliyonifanya mujinga miezi miwili mizima.

Jina langu Pierrette. Nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Baba yangu alitengeneza radio na mimi nikashika kazi yake. Huko huko niliolewa na Ngoy Dédé, mupiga gita. Mwaka wa 2017 vita vilipotufikia, asubuhi moja tulikimbilia majini tukakuta boti moja inaondoka, na nafasi ni ya mutu mumoja. Dédé alinisukuma ndani, akanirushia begi la vyombo vyangu vya kazi, na juu ya begi akaweka kisanduku chake cha chuma kilichofungwa kwenye plastiki. Yeye alirudi kumchukua mama yake na gita.

"Tangulia," aliniambia. "Miye minakuya na boti ya nyuma."

Boti ya nyuma haikufika. Niliingojea Kenani, kwenye kambi walikotupokea, na kila waliposhusha watu wapya nilikwenda kuangalia nyuso. Hakuna mutu aliyeiona ikizama, hakuna aliyeiona ikifika. Wakatuhamishia Mantapala, makazi ya wakimbizi, wakatupa mashamba, nikapata karatasi ya kufanya kazi, nikaweka meza Kashikishi. Kitambaa cheusi nilichojifunga kichwani mwaka ule sikukivua.

Sasa nieleze kisanduku, maana bila kukijua hutanielewa. Kilikuwa pedali ya gita, kile kitu mupigaji anakikanyaga kwa muguu ili sauti ibadilike. Dédé alikiunda mwenyewe ndani ya kasha la mita ya umeme iliyoungua, na swichi yake ya kukanyaga aliing'oa kwenye lori la zamani, ile ambayo dereva aliikanyaga kubadilisha taa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuikwaruza sauti. Gita inatoa sauti ndogo, laini. Transista ya kwanza inaikuza, ya pili inaikuza tena mpaka inakosa nafasi, na sauti ikikosa nafasi inakatwa juu na chini, inatoka kali kama nyuki wako ndani ya kopo. Hilo si ajabu, wengi walikuwa na pedali za namna hiyo.

Ajabu ilikuwa pale Dédé alipoacha kupiga. Alikuwa anaondoa vidole kwenye nyuzi, anarudisha kitufe cha sauti cha gita chini polepole, na kisanduku kinaanza kulia chenyewe. Kinapanda, kinatetemeka, kinashuka, na yeye anakiongoza kwa kitufe tu. Jumamosi mchana, kwenye vilabu vya ufukweni, watu walikuwa wanaweka chupa chini wasikilize. Ilikuwa sauti ya mutu anayeita mwingine toka ng'ambo huku akijua hasikiki. Mimi nilikuwa ninajifanya sijali. Nilikuwa ninamwambia, Dédé, kitu chako kina ugonjwa, niletee nikitibu. Hakuna sauti duniani ninayoitamani kama ile.

Mwezi wa sita mwaka huu Marlène alikuja sokoni. Marlène ni dada mukubwa wa Dédé, kwa hiyo ninamwita Yaya, ana shamba la mihogo Mantapala, na si mutu wa kuzunguka maneno. Aliketi kwenye gunia, akakunywa maji, akafunga chupa.

"Bibi yetu," akasema, maana ukweni mke wa kaka wanamwita hivyo, "miaka inatosha. Mwezi wa nane, tarehe makumi mbili na sita, tunamaliza matanga ya Dédé. Siku ile utavua kile kitambaa."

"Matanga ya nani, Yaya? Ulimuzika wapi?"

"Mama yangu pia alikuwa mu ile boti. Miye nilishalia wawili. Weye unangojea nini?"

Nikisikia sina jibu ninakasirika, na nikikasirika ninasema kitu cha kwanza kinachofika mudomoni.

"Ninangojea kusikia kisanduku chake kilie mara moja tu. Kikilia, nitavua."

"Na kama hakilii?"

"Mutanizika nacho kichwani."

Marlène alijua kwamba kisanduku kilikuwa kimya tangu siku ya ziwa, na alijua pia kwamba sijawahi kujaribu kukitengeneza. Alisimama akajipangusa vumbi. "Fundi njo weye," akasema, yaani ndiye wewe. "Kitengeneze."

Kusema ni rahisi. Ndani ya kile kisanduku Dédé alimwaga lami. Aliichota kwenye mabetri ya magari yaliyokufa, akaiyeyusha, akazika kazi yake yote humo ili wapigaji wengine wasimuige. Kabla ya kuzika alikwaruza kwa wembe namba za transista zote mbili, zisisomeke. Na hizo transista nilimpa mimi, nilizitoa kwenye radio iliyoungua. Siku ile nilinuna. Nilimwambia, hata mimi bibi yako, fundi, unanifungia mulango? Alicheka.

"Weye zaidi. Ukifungua utaanza kuitengeneza, na haiko na ugonjwa."

Kisha akabonyeza kidole gumba juu ya lami kabla haijakauka, kama vile wanavyofanya biro, ofisini kwa serikali, kwa asiyejua kuandika. Alama ile ilikuwa bado ipo. Mistari ya kidole chake, hata kovu la kisu karibu na kucha. Miaka yote nilikuwa ninafungua kifuniko, ninaweka gumba langu pale, ninafunga. Sina picha yake, sina nguo yake, sina kaburi. Nilikuwa na kidole.

Lami haiogopi kitu ila mafuta ya taa. Nilinunua chupa nzima na mswaki, nikaanza kwenye kona, mbali na alama. Siku ya kwanza nilisugua nikapata waya mumoja. Siku ya pili nikaona rezista. Siku ya tatu ilibaki sehemu ya katikati tu, ile yenye kidole, na bila kuitoa nisingeona transista. Nilimwambia jirani anayeuza sabuni aniangalizie meza, nikaenda kutembea mpaka majini nikarudi. Nikaimwagia mafuta. Ilichukua muda mufupi sana. Nililia pale pale mezani mbele ya wateja, na aliyeuliza nilimjibu vibaya.

Chini ya lami kulikuwa na nini? Transista mbili, rezista nne, kapasita tatu. Basi. Kitu kidogo hivyo. Waya wa betri ulikuwa umekatika, bila shaka kwenye boti, ndiyo maana kilikuwa bubu. Niliulehemu. Kisha nilichukua karatasi ya kalenda ya zamani nikachora nyuma yake kila njia: hii inatoka wapi, inakwenda wapi. Rezista nilizisoma rangi zake, halafu nikazipima kwa mita, maana rangi zinazeeka. Transista zilizofutwa namba nilizigusagusa mguu mumoja mumoja mpaka nikajua upi unatawala mingine miwili, na kila moja inakuza mara ngapi. Nikaunda pacha wa kisanduku kwenye ubao mupya, vipimo vile vile, ili nikikosea niharibu pacha na si chenyewe.

Nikamwita Aubrey. Huyu ni mupiga gita wa hapa Kashikishi, Mubemba, mupole kuliko mimi. Akiwa kijana alikuwa anavuka kwenda Pweto na wafanyabiashara wa samaki, na huko alimsikia Dédé. Tangu ajue mimi ni bibi ya nani, alikuwa ananiomba nimtengenezee kile kisanduku, na mimi nilikuwa ninamfukuza. Alikuja na gita na ampli juu ya baiskeli. Niliunganisha kisanduku na umeme wangu wa sola, akakanyaga swichi, akapiga.

Ukali ulitoka. Nyuki wote walikuwa ndani ya kopo. Jirani wa sabuni aliziba masikio. Halafu Aubrey akaondoa vidole, akarudisha kitufe polepole, nikashika ukingo wa meza.

Kimya.

Alirudia. Akapandisha, akashusha. Tukaweka pacha, naye vile vile, mukali na kisha bubu.

"Awe, ba mayo," Aubrey akasema kwa upole, kwa Kibemba chake cha kukataa bila kuumiza, hapana, mama. "Ukali iko. Kilio hakuna."

"Masikio ninayo."

"Labda ba Dédé walikuwa na kitu ingine," akasema, akimtaja kwa wingi wa heshima.

"Kitu gani? Niligeuza kila waya. Unaona nafasi ya kitu kingine hapa?"

Hasira yangu ilikuwa ya fundi kwanza. Kitu cha namna hii hakilii chenyewe bila sababu. Umeshaona kanisani, kipaza sauti kikielekea spika: spika inatoa sauti, kipaza kinaidaka, kinairudisha kwenye spika, inazunguka inakua mpaka inapiga yowe. Kulia ni hivyo tu, sauti iliyotoka imepata njia ya kurudi ilikoingia. Kwa hiyo nilitafuta njia ya kurudi. Nilitafuta waya, nilitafuta kapasita iliyojificha, nilikwangua mpaka chini ya ubao. Nilichora mara ya pili, mara ya tatu. Njia ya kurudi haikuwepo.

Halafu ikaja hasira ya bibi. Nilikuwa ninapika nyumbani ninagombana naye kwa sauti. Dédé, ulificha wapi? Umenificha mimi? Nimefuta kidole chako, mwanaume, kwa ajili ya kisanduku kisicholia. Ulisema unakuja na boti ya nyuma, ukasema hakina ugonjwa. Yote ulisema. Mwezi wa saba ulikwisha hivyo. Marlène alituma ujumbe kwamba ameshanunua mahindi ya pombe, na mimi sikumjibu.

Alhamisi moja mwanamke anayeuza chisense aliweka radio mezani kwangu. Kabla sijanyosha mukono kumnyang'anya betri, aliiwasha mwenyewe ili nisikie. Ikapiga yowe, ikashuka, ikapanda.

"Inalia yenyewe," akasema. "Iko na shetani."

"Shetani gani, mama. Betri zimechoka," nikamwambia, maneno ninayoyasema tangu nikiwa mutoto kwenye meza ya baba. "Betri ikichoka haiwezi kuwalisha wote kwa wakati mumoja. Spika ikivuta, umeme unayumba, na transista ya mbele inafikiri kule kuyumba ni sauti mupya, inaikuza, spika inavuta tena, inazunguka, inaku..."

Mwanamke alikuwa ananingojea nimalize.

Njia ya kurudi ilikuwa ndani ya betri. Ningechora ubao mara mia nisingeiona, kwa sababu kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka umeme wangu safi usioyumba, na hapo nikaifunga njia kwa mukono wangu. Dédé alijua. Ndiyo maana aliniambia, ukifungua utaanza kuitengeneza.

Nikamwomba yule mwanamke anisamehe, nikakaa chini ya meza kama mutu anayetafuta skrubu, maana nilikuwa nimekumbuka yote.

Pweto nilikuwa na radio kubwa ya betri sita. Kila baada ya wiki mbili Dédé alikuwa ananiletea sita mpya. Yeye hakujinunulia hata moja. Zile zangu za zamani alikuwa anazipandisha juu ya bati zipate jua, zirudishe nguvu kidogo, halafu anazipanga ndani ya kibao chake cha miti na kuziunganisha na kisanduku. Mimi nilikuwa ninamgombeza kwamba ananijazia takataka kwenye paa. Na karibu kila siku, akirudi, alikuwa ananiuliza neno moja:

"Leo ulisikiliza muzuri?"

Nilifikiri ananitania kwa sababu ninapenda kwaya za radio. Nikitaka kuizima anasema, acha, iache iimbe. Mwanaume huyu alikuwa ananingojea niichoshe betri. Kilio kile ambacho watu waliweka chupa chini kukisikiliza, nusu yake nilikuwa ninakifanya mimi, jikoni, nikichambua mboga, bila kujua.

Na nikakumbuka boti. Kwenye plastiki kulikuwa na kile kibao na betri zake sita. Mwenye boti alilalamika kwamba tumezidi uzito, kila mutu atupe kitu. Mimi nilizishika nikaona ni zile zangu zilizokwisha, nikasema moyoni, haya ni mapile yamekufa. Nikazitupa ziwani mimi mwenyewe.

Jioni ile niliazima gita na ampli ya Aubrey, nikajaribu betri za yule mwanamke. Kisanduku kilikoroma mara mbili kikanyamaza, zilikuwa zimekufa kupita kiasi. Betri mpya nazo hazikukiliza. Kumbe kuchoka kuna kipimo chake, na kipimo hicho hakiandikwi kwenye kalenda. Nikanunua betri sita, nikaziweka ndani ya radio kama ile ya Pweto, nikaanza kusikiliza.

Nilisikiliza toka asubuhi mpaka jioni, siku kumi na moja. Kwaya, mahubiri, mupira kwa Kibemba, bei ya mbolea, matangazo ya vifo vya watu nisiowajua. Jirani wa sabuni aliniuliza kama nimeokoka upya. Kila mchana nilizitoa nikazijaribu kwenye kisanduku, kisha nikazirudisha. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya nane hakuna kitu, nikatukana. Siku ya kumi na moja kikatetemeka, kitambo kidogo tu, nikazima haraka nisizimalize. Nikazipandisha juu ya bati. Nikamtumia Marlène ujumbe kwamba aloweke mahindi.

Tarehe ishirini na sita tulikuwa Mantapala, mchana, kwenye uwanja wa Marlène. Watu wa Pweto walikuja, na majirani Wazambia, na pasta. Waliomba, waliimba, wakataja jina la Dédé na jina la mama yake. Kisha Aubrey akaketi kwenye kiti na gita yake. Nilipanga betri sita kwenye kibao nilichochonga mwenyewe, nikaunganisha waya.

Alipiga kwanza wimbo wa kwetu, mukali, watoto wakaruka. Halafu akaondoa vidole kwenye nyuzi. Akarudisha kitufe, polepole, namna nilivyomfundisha, namna nilivyomwona Dédé akifanya mara mia tano.

Kisanduku kikalia.

Kilianzia chini, kikatafuta, kikapanda. Marlène alishika mudomo kwa mikono miwili akainama mpaka magotini. Mutu mumoja wa Pweto nyuma yangu akasema, "Njo yeye," basi. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa nimefikiri nitaanguka, nitapiga kelele, lakini nilisimama nikisikiliza, kwa sababu nilijua betri hazitadumu na sikutaka kupoteza hata kidogo. Sauti ilitetemeka, ikashuka kidogo, ikapanda tena lakini si juu kama mwanzo. Aubrey aliifuata kwa kitufe. Ikashuka. Ikawa kukoroma. Ikakatika.

"Weka zingine," mutu akasema.

"Zingine hazipo," nikajibu. "Zinatengenezwa kwa kusikiliza."

Hakunielewa, na sikumweleza. Nilifungua fundo la kitambaa. Lilikuwa limekaza kwa miaka, Marlène akaja akanisaidia kwa meno yake, kichwa chake kimegusa changu. Upepo wa ziwa haufiki Mantapala, lakini nilisikia baridi kwenye nywele.

"Nilisikiliza, Dédé," nikasema. "Leo nilisikiliza muzuri."

Aubrey nilimpa pacha, na nikamfundisha habari ya betri. Kisanduku nilirudi nacho Kashikishi. Asubuhi yake niliweka betri mpya ndani ya radio, kwa sababu nyumba bila radio siiwezi, nikazichukua zile sita zilizokwisha nikazipandisha juu ya bati zipate jua. Nilikuwa nimeshashuka na kunawa mikono ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mutu atakayekuja kuzichukua. Niliziacha huko huko.